Metrine Nakhumicha, Aliyemjibu Bundi

Zamani bundi akilia juu ya ghala, watu wa nyumba ile walisema leo panya wamepata mwenyewe, wakalala. Siku hizi akilia, vijana hutafuta mawe na watu wazima hutafuta mtu wa kulaumu. Mpendwa wetu Metrine Nakhumicha alizaliwa katika nyumba ya zamani ile na amefariki katika siku hizi. Maneno mengi yamesemwa juu yake tangu Jumatano iliyopita, mengine yakisemwa na watu walioketi hapa chini ya hema. Basi maisha yake na yasomwe yote, kisha kila mtu aseme anachojua.

Alizaliwa tarehe 22 Machi 1983 hapa Ndivisi, karibu na mji wa Webuye, mtoto wa kwanza wa marehemu Laban na mama Roseline. Jina Nakhumicha hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa kupanda, na siku ile babake alikuwa ghalani akitoa mbegu alipoitwa akamwone. Ghala lenyewe lilikuwa la fito na udongo, limesimama juu ya miguu ya mti, limeezekwa nyasi. Watoto wa leo hawajaliona, kwa kuwa mahindi sasa hulala kwenye magunia ya plastiki sebuleni pamoja na televisheni, na panya hupewa sumu, na paka akila yule panya hufa, na bundi akila yule panya hufa, na hakuna anayeuliza.

Katika nyumba ya Laban hakukuwa na sumu. Kulikuwa na bundi, yule mkubwa mwenye pembe za manyoya, aliyekaa kwenye mvule ulio nyuma ya nyumba. Laban na mdogo wake Nahashon walifundishwa na baba yao kumwita. Mtu alikunja viganja viwili kama anayeficha yai, akapuliza katikati ya vidole gumba, na sauti ikatoka nzito, ya chini, hadi ikasikika ng'ambo ya mto. Bundi alikuja, akatua juu ya paa la ghala, akafanya kazi yake. Majirani hawakupenda. Kwao bundi alikuwa mleta kifo, na wakimsikia walimrushia kijinga cha moto na kumtukana kwa sauti kubwa, arudi alikotoka na msiba wake.

Jioni moja, Metrine akiwa bado mdogo wa kubebwa begani, alimsikiliza babake akipuliza kisha akamuuliza, "Baba, wewe ni bwana bundi ama bibi bundi?"

Laban akacheka. "Mimi ni bwana. Bwana hulia mara mbili. Hu-huu."

"Na bibi?"

"Bibi humjibu mara tatu. Hu-hu-huu. Asipojibiwa, bwana huhama mti."

"Sasa bibi yako ni nani?"

Hakungoja jibu. Alikunja viganja vyake vidogo akapuliza mara tatu, na kule kwenye mvule kukanyamaza, kama kwamba mwenye mti naye alishangaa. Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo ikawa hodi ya nyumba ile. Baba yake mdogo Nahashon akifika getini hakubisha. Alilia mara mbili, na Metrine akamjibu mara tatu kutoka jikoni. Maana yake ilikuwa ingia, niko.

Alisoma shule ya msingi hapa Ndivisi tangu 1990 hadi 1997, akaingia sekondari. Alikuwa msichana mcheshi, mwenye mwandiko mzuri na hesabu mbaya. Wenzake walimpa jina la Bundi, na mwanzoni alilifurahia. Halafu mwaka 1999 babake Laban aliugua mapafu akafariki, na walimwengu wakapata la kusema. Si mtoto huyu ndiye hulia kila jioni? Si alimwita mwenyewe? Mama Roseline, aliyekuwa na uchungu wa ujane na hofu ya majirani, alimwambia, "Nakhumicha, acha hiyo sauti. Utanimalizia watu." Aliiacha. Akiwa kidato cha pili aliiacha na shule pia, akaja kulelewa kwa baba yake mdogo, na hodi ya getini ikabaki peke yake, tena kwa sauti ya chini. Lakini lile swali halikumtoka moyoni: je, ni kweli sauti yake ilileta kifo?

Alifanya kazi ya upishi katika hoteli ndogo mjini Webuye, akamzaa binti yake Maryann mwaka 2005. Kiwanda cha karatasi, kilichoutia mji wote harufu, kilipofungwa, walaji wakaisha na hoteli nayo ikafungwa. Miaka ile ndipo maajenti wa kazi za ng'ambo walipoanza kupita vijijini na picha za majumba meupe, wakawachukua mabinti wetu kama watu wanaovuna. Metrine aliondoka tarehe 9 Mei 2012 kwenda Riyadh, Saudi Arabia. Pale uwanja wa ndege Nahashon hakuruhusiwa kuvuka mlango wa vioo, na hakuweza kulia mara mbili mbele ya askari. Alipunga mkono tu, kama watu wengine.

Mungu alimpeleka mahali pazuri. Alikabidhiwa ajuza mmoja wa mtaa wa Manfuha, kusini mwa mji, ambaye watoto wake walikuwa wamehamia majumba mapya naye akakataa kuondoka katika nyumba yake ya kale. Metrine alimwita Hajja. Kazi ilikuwa kumpikia, kumkanda miguu na kulisha njiwa wake darini, kwenye paa tambarare la nyumba. Hajja alifuga njiwa wengi na kulalamika sana, juu ya watoto, juu ya mkate wa dukani, juu ya taa za barabarani. Nahashon, aliposimuliwa habari zake kwa simu, alisema angependa kuketi na mama huyo.

Jioni moja darini, adhana ya magharibi ikiwa imekwisha, bundi alitua kwenye ukuta uliobomoka wa nyumba ya jirani. Alikuwa na pembe za manyoya kama yule wa Ndivisi, ila rangi yake ilikuwa ya mchanga. Akalia. Metrine aliweka ndoo chini, na kabla hajakumbuka kwamba alikatazwa, alikuwa amekunja viganja na kumjibu.

"Buma?" Hajja akauliza kutoka kwenye mkeka wake, kwa maana buma ndilo jina la bundi kwa Kiarabu.

"Buma, Hajja. Samahani."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia niko."

Hajja alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Alisema tangu mji ujae taa hakuwa amemsikia ndege yule, akadhani wamekwisha wote. Akampigia simu mwanawe aliyekuwa Jeddah kumwambia kwamba Mkenya wake anazungumza na buma. Kuanzia hapo, jua likizama tu, alikuwa akimhimiza: "Yalla, mwite mwenzako."

Hajja alifariki usingizini Januari 2014. Habari ilipofika hapa nyumbani, kuna waliosema, si tulijua? Metrine alimpigia Nahashon simu akilia.

"Baba, ni mimi?"

"Mama huyo alikuwa na umri gani?"

"Zaidi ya themanini."

"Bundi hana kazi na watu wa themanini, mwanangu. Ana kazi na panya."

"Baba, usinichekeshe. Nauliza kweli."

"Nami nakujibu kweli."

Hakuridhika. Alisema hatalia tena kama bundi maisha yake yote.

Mtoto wa Hajja alimhamishia Jeddah, nyumbani kwake mtaa wa Aziziya, akawa ndiye kafili wake mpya, yaani mwajiri na mdhamini wake. Metrine alimwita Baba, na mkewe Madam. Hawakuwa watu wabaya. Lakini mtaa wenyewe ulikuwa wa kuta ndefu na madirisha yaliyofungwa, watu wanatoka ndani ya gari na kuingia ndani ya gari, na Metrine alimaliza miezi akisema maneno ya kazi tu. Jioni moja alikuwa darini akianika nguo za watoto. Alikuwa na upweke wa kumtoa mtu machozi. Akakunja viganja, akalia. Alilia mara mbili, sauti ya dume, kwa kuwa hapakuwa na wa kuanza.

Kutoka nyuma ya ukuta wa nyumba ya jirani ikaja sauti ya mwanamke, kali, kwa Kiswahili kitupu: "Shindwe! Shindwe kabisa! Rudi kwenu na kifo chako, mdomo mbaya wewe!"

Metrine aliangusha kikapu cha vibanio. Katika Jeddah yote, ni mtu wa kwetu tu anayeweza kumtukana bundi hivyo. Akalia tena, ahakikishe.

"Nimesema shindwe! Ngoja nipate jiwe!"

"Dada, usinipige!"

Ikaja ile sauti, sasa ikitetemeka: "Yesu wangu. Bundi anaongea."

"Mimi si bundi, dada. Mimi ni Metrine. Mtu wa Webuye."

"Webuye gani?"

"Webuye ile ya harufu."

"Ile ya karatasi?" Na yule mwanamke akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Mimi Beldina. Mimi ni wa Butere. Ongea tena. Hata kama ni bundi, wewe ongea tu."

Beldina huyo yuko hapa leo. Ndiye aliyevaa kitambaa cha kijani, karibu na jeneza. Mkataba wake ulikuwa umekwisha kitambo. Simu yake ilivunjika, hakupewa nyingine. Kila akiomba kurudi kwao aliambiwa baada ya Ramadhani, kisha baada ya Hija, kisha baada ya harusi ya mtu fulani. Mlango wa mbele ulikuwa na ufunguo ambao hakuwahi kuushika. Kwao Butere hawakuwa wamesikia neno lake kwa zaidi ya mwaka. Jioni zilizofuata walikutana hivyo darini, ukuta katikati, bila kuonana uso. Metrine alilia mara mbili, na Beldina, aliyekataa katakata kulia kama bundi, alimjibu kwa tusi. Hiyo ikawa hodi yao.

Metrine aliruhusiwa simu siku ya Ijumaa. Alimpa Nahashon jina la Beldina, jina la babake na la kanisa lao. Mzee akaondoka asubuhi ya pili yake kwenda Butere. Alikuta watu uani, maturubai yamefungwa, na kaburi limechimbwa. Mtoto wao alikuwa amepotea ng'ambo, ajenti hapokei simu, na wazee walikuwa wameamua kumzikia mgomba, kama desturi ilivyo kwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Mgomba ulikuwa umekwisha kukatwa, umelazwa juu ya mkeka, umefunikwa shuka nyeupe.

"Funueni huo mgomba," Nahashon akasema. "Mtoto yuko hai."

Babake Beldina, mzee Paul, akasimama. "Nani amekuambia?"

Nahashon si mtu wa kupamba maneno. "Bundi," akasema.

Almanusura wampige. Ilibidi aeleze mara kadhaa, na hata baada ya kueleza waliulaza ule mgomba kando ya nyumba, wasiutupe, wakingoja Ijumaa. Ijumaa ikafika. Kule Jeddah, Metrine aliipachika simu yake kwenye ufito wa kuanikia nguo akaisogeza juu ya ukuta. Huku Butere, mzee Paul alishika simu ya Nahashon kwa mikono miwili. Neno la kwanza alilosikia kutoka kwa binti yake lilikuwa ni, "Baba, hawa watu wa Webuye wana bundi wajinga sana." Mgomba ulikatwakatwa jioni ile ukapewa ng'ombe. Kaburi likafukiwa likiwa tupu.

Ilibaki kumtoa. Hapo ndipo Metrine alipofanya jambo ambalo watu wanaomsema hawalijui. Beldina hakuwa na wa kumsemea isipokuwa Baba, yule kafili wa Metrine, kwa kuwa yeye na jirani aliyemweka Beldina walisali msikiti mmoja. Lakini ili Baba aamini, ilimpasa Metrine akiri amekuwa akizungumza na mtumishi wa jirani, na akiri vilevile kwamba buma ambaye Madam alikuwa akimsikia juu ya nyumba tangu mwezi uliopita, akasoma dua na kumpandisha Baba darini na mpini wa ufagio, alikuwa yeye. Siku ile Metrine mwenyewe ndiye aliyeshika ndoo nyuma ya Baba, akisema, "Mafi buma, Baba. Hakuna bundi. Ameondoka. Halas." Katika nchi ile mtumishi akisemwa ni mchawi, mambo yake huwa mabaya sana. Alijua. Aliwaandalia chai, akasimama mlangoni.

"Baba, buma ni mimi."

Madam akashika kifua. "Uchawi!"

"Si uchawi, Madam. Ni mikono." Akakunja viganja, akapuliza pale pale sebuleni. Watoto wakakimbia kuja kuona, na mdogo wao akataka afundishwe. Madam alikuwa angali ameshika kifua. Baba alimtazama Metrine, macho yakamjaa maji.

"Ni wewe," akasema. "Mama aliniambia. Alinipigia simu akicheka. Sikuwahi kumsikia mama akicheka vile tangu nikiwa mtoto."

Ijumaa ile baada ya sala Baba alimshika jirani yake mkono, akazungumza naye pembeni. Waliyoyasema hayajulikani. Lakini Beldina aligongewa visa ya kutoka, akapelekwa uwanja wa ndege, akafika kwao Butere Machi 2015, akaonyeshwa mahali palipokuwa kaburi lake. Usiku wa kwanza alimpigia Nahashon akamwambia, "Mwambie mwanao lile swali lake nimelijibu mimi. Sauti yake haileti kifo. Mimi nilikuwa nimezikwa." Nahashon alifikisha ujumbe, na kwa mara ya kwanza tangu Hajja afariki, Metrine alitoa lile jibu la mara tatu kwenye simu, bila kuambiwa.

Alirudi nyumbani Agosti 2016. Tarehe 2 Desemba 2017 alifunga ndoa na seremala Geoffrey Wekesa katika kanisa letu la Friends, na Mungu akawapa mtoto wa kiume, Dancan. Geoffrey alimjengea ghala karibu na ule mvule wa Laban, la fito na udongo, juu ya miguu ya mti, paa la nyasi. Watu walicheka. Bundi hakucheka, alikuja mwezi ule ule. Baadaye watoto wa shule walianza kupita pale jioni kufundishwa, kwanza wawili watatu kwa kujificha, kisha wengi. Nahashon, ambaye alikuwa amekwisha kuamini kwamba hodi ile itazikwa pamoja naye, alikuwa akisimama barabarani kuwasikiliza wakikosea.

Mwishoni mwa 2018 alianza kupata shida ya kumeza. Alitibiwa Webuye kisha Eldoret, na ikagunduliwa ni saratani ya umio. Ugonjwa ulimchukua sauti kabla ya kumchukua mwenyewe. Beldina aliacha duka lake la vitenge Mumias akaja kumuuguza. Metrine alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumatano, tarehe 11 Septemba 2019, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Usiku ule bundi alilia kwenye mvule. Ni kweli. Alilia pia usiku uliotangulia, na jana, na amelia kila usiku tangu Julai, kwa kuwa ni majira yake ya kutaga. Watu walikuja Alhamisi na shoka kuukata mti. Walimkuta Beldina getini, yule yule aliyekuwa akitukana bundi kupita watu wote, ameketi juu ya kigoda na mwiko wa ugali mkononi. Mti bado umesimama.

Marehemu ameacha mume wake Geoffrey, watoto wake Maryann na Dancan, mama yake Roseline, baba yake mdogo Nahashon, na dada yake Beldina, ambaye hawakuzaliwa tumbo moja. Mwenyezi Mungu ampe usingizi mtulivu, na amwamshe mahali penye watu wake.

Mara ya mwisho Nahashon kumwona ilikuwa Jumapili, tarehe 8 Septemba, jua likielekea kuzama. Alikuwa ameketi naye mchana kutwa, akamuaga, akatoka. Alipofika getini alisimama. Alijua Metrine hana sauti tena, na hakutaka kumtia uchungu, lakini mikono ilikunjika yenyewe kwa mazoea ya miaka mingi. Akalia mara mbili. Akangoja. Nyumba ilikuwa kimya, na mzee akashika komeo ili aende zake.

Ndipo jikoni kukatoka kitu, mara tatu, kibaya ajabu, kama kuku anayekabwa. Nahashon alirudi mbio, kwa kadiri mzee anavyoweza kukimbia, akachungulia dirishani. Beldina alikuwa amesimama na viganja vyake mdomoni, uso umemwiva kwa aibu. Metrine alikuwa ameegemea mto karibu na moto wa jiko, anamrekebisha vidole gumba, na mabega yake yanatikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Alimwona mzee dirishani. Akainua mkono, akamwonyesha Beldina kwa kidole, kisha akamwashiria mzee aende nyumbani: jibu lake alikuwa amelipata.